Jina la Nyoka Kutoka Kwenye Picha: Ulinganisho wa Njia Nne za Akili Mnemba

Mtu anapokutana na nyoka asiyemjua, ni nadra swali lake la kwanza kuwa jina la kisayansi. Huuliza kama nyoka huyo ana sumu, na ikiwa anayo, yeye afanye nini. Siku hizi swali hilo huulizwa simu: picha hupigwa, hupakiwa, na baada ya sekunde chache jina hujitokeza kwenye kioo, mara nyingi likiwa na asilimia pembeni yake. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji aliyekwisha kuamua kutumia akili mnemba kwa kazi hiyo, lakini amekwama kati ya aina nne zilizoenea. Aina hizo ni programu za uchunguzi wa viumbe kama iNaturalist na Seek, utafutaji wa jumla kwa picha kama Google Lens, wasaidizi wa mazungumzo kama ChatGPT na Gemini, na mifumo iliyofunzwa kutambua nyoka peke yao.

Jambo moja lisemwe mapema, kwa kuwa linatangulia mengine yote. Hakuna jibu la mashine linalopaswa kupunguza umbali uliopo kati yako na nyoka. Jina hutafutwa wakati umekwisha kuwa mahali salama. Mtu anayesogea karibu kwa sababu programu imesema "hana sumu" ameitumia vibaya, hata kama siku hiyo programu ilisema kweli.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo kinachopendwa na wengi ni asilimia ya majibu sahihi, nami nakiweka nyuma kwa sababu ya kihesabu tu. Spishi za nyoka zinazojulikana duniani ni zaidi ya 3,900. Takriban 600 kati yake zina sumu, na zile ambazo Shirika la Afya Duniani huzihesabu kuwa na uzito wa kitabibu ni mia mbili na ushei. Mashine ambayo ingejibu "hana sumu" kwa kila picha, bila hata kuitazama, ingejipatia alama nzuri katika sehemu nyingi za dunia, na wakati huo huo ingekuwa mashine ya hatari kuliko zote. Shirika hilo hilo hukadiria kwamba watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka na kwamba kati ya 81,000 na 138,000 hufariki. Mbele ya takwimu kama hizo, wastani wa majibu sahihi hausemi lolote kuhusu lile kosa moja linaloangukia upande mbaya.

Kigezo changu cha kwanza, basi, ni mwelekeo wa kosa: mfumo unapokosea, je, humwita swila nyoka asiyedhuru, au humwita asiyedhuru swila? Makosa yote mawili yana gharama, kwani la pili huwaua nyoka wengi wasio na hatia, lakini gharama hizo hazilingani. Kigezo cha pili ni uwezo wa kunyamaza, yaani kusema "naishia kwenye jenasi" (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) au "sijui" pale picha haitoshi. Cha tatu ni mahali: je, mfumo unajua picha ilipigwa wapi, na unatumia habari hiyo kuwaondoa nyoka wasioishi huko? Cha nne ni uhakiki, maana yake kama kuna binadamu mwenye ujuzi atakayeliona jibu hilo baadaye. Mwisho kabisa huja kasi, kufanya kazi bila intaneti, na faragha.

Kwa nini nyoka ni mtihani mgumu kuliko ndege

Kabla ya kuzitazama njia zenyewe, inafaa kueleza kwa nini programu inayotambua maua na ndege bila taabu inaweza kuyumba kwa nyoka. Ndege ana mdomo, mabawa, miguu na mkao wake. Nyoka ni mstari mmoja mrefu, na tofauti za kuaminika zimo katika mambo madogo: idadi ya safu za magamba katikati ya mwili, kama magamba yana mgongo katikati au ni laini, mpangilio wa magamba ya kichwani. Wataalamu huangalia, kwa mfano, gamba dogo lililo kati ya jicho na pua ambalo nyoka wa familia ya swila na koboko hawana, ilhali nyoka wengi wasiodhuru wanalo. Katika picha iliyopigwa kwa simu kutoka mita tano, gamba hilo ni nukta chache tu, na mifumo mingi huipunguza picha ukubwa kabla ya kuichambua, hivyo hata nukta hizo zikapotea.

Isitoshe, maumbile yenyewe yamejaa udanganyifu. Nyoka wala mayai wa jenasi Dasypeltis, ambao karibu hawana meno, wana madoa yanayofanana na ya nyoka wenye sumu kali wa jenasi Echis, na wakitishwa hujikunja na kusugua magamba yao ili kutoa sauti ile ile ya kukwaruza. Barani Asia, nyoka kadhaa wasiodhuru wa jenasi Lycodon wana pete nyeusi na nyeupe kama za Bungarus, ambaye sumu yake hulemaza misuli ya kupumulia. Mwaka 2001, mtaalamu wa nyoka Joseph Slowinski wa California Academy of Sciences aliingiza mkono ndani ya mfuko akiwa safarini kutafiti Myanmar, baada ya kuelezwa kwamba nyoka aliyekuwamo ni yule wa kuigiza. Alikuwa Bungarus mchanga, na Slowinski alifariki siku iliyofuata. Kosa hilo halikufanywa na mashine. Lilifanywa na watu waliozoea nyoka, tena wakiwa na nyoka mwenyewe mikononi badala ya picha yake.

Kanuni za mdomoni nazo hazisaidii sana. Husemwa kwamba nyoka wa sumu ana kichwa cha pembetatu na mboni iliyosimama wima. Kifutu anaifuata kanuni hiyo vizuri, lakini koboko na swila wana vichwa vyembamba na mboni za duara, na chatu, ambaye hana sumu, ana mboni ya wima. Nyoka wengi wasiodhuru hutanua taya wakiogopa, na kichwa kikawa pembetatu kwa muda. Mashine iliyojifunza kutokana na picha za watu huweza kurithi mazoea kama hayo. Zaidi ya hayo, huweza kujifunza kitu ambacho si nyoka kabisa: ikiwa picha nyingi za spishi fulani zilipigwa kwenye mchanga, mchanga wenyewe hugeuka kuwa ushahidi.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe.

Programu za uchunguzi wa viumbe: iNaturalist na Seek

iNaturalist ilianza mwaka 2008 kama mradi wa wanafunzi wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mwaka 2017 iliongezewa utambuzi wa picha kwa akili mnemba. Seek, iliyofuata mwaka 2018, ni ndugu yake mdogo: humulika kiumbe kwa kamera na kushuka ngazi moja baada ya nyingine, kutoka kundi kubwa hadi familia, jenasi na spishi, kadiri inavyopata uhakika.

Kwa kigezo cha kunyamaza, hizi mbili hufanya vizuri, na hapo ndipo zinapopata heshima yangu. Seek huweza kuishia kwenye familia na kukataa kwenda mbele. iNaturalist hutanguliza ngazi ambayo ina uhakika nayo, kisha huorodhesha spishi zinazowezekana chini yake. Tatizo ni kwamba watumiaji wengi hurukia jina la kwanza katika orodha hiyo na kupuuza sentensi iliyo juu yake, ilhali sentensi hiyo ndiyo jibu. Kuhusu mahali, iNaturalist hutumia eneo la picha kupima kama spishi inatarajiwa huko. Faida hii hupotea ikiwa umepakia picha uliyotumiwa na mtu kwa njia ya ujumbe, kwa sababu programu nyingi za kutumiana ujumbe hufuta taarifa za mahali zilizofungamana na picha, na usipoyajaza mwenyewe mfumo hubaki ukikisia.

Nguvu kubwa ya iNaturalist, hata hivyo, iko nje ya mashine. Picha ikishapakiwa huonekana na watu wengine, baadhi yao wakiwa wataalamu wa nyoka, nao huthibitisha au kurekebisha. Uchunguzi hupandishwa daraja la utafiti pale angalau watu wawili wanapokubaliana na zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa maoni wako upande mmoja. Ulinzi huu ni wa maana, japo una mipaka miwili. Wa kwanza ni muda: uthibitisho huweza kuja baada ya dakika kumi au baada ya miezi. Wa pili ni kwamba mtu wa pili huenda hakufanya zaidi ya kubofya jina lile lile lililopendekezwa na mashine, na hapo makubaliano ya wawili huwa mwangwi wa mmoja. Ukiona uthibitisho, fungua wasifu wa aliyeutoa utazame kama ana historia ya kutambua nyoka.

Mwelekeo wa kosa, kwa upande mwingine, haukuwekewa ulinzi maalumu. Mfumo huu ulijengwa kwa ajili ya elimu na kumbukumbu za viumbe, na kwa hesabu zake kumchanganya nyoka wa Lycodon na Bungarus ni kosa lenye uzito sawa na kuchanganya vipepeo wawili. Seek hufanya kazi bila intaneti na bila akaunti, jambo linalowafaa watoto na wasafiri. iNaturalist huhitaji akaunti na huonyesha mahali hadharani, isipokuwa ukichagua kuyaficha. Kwa spishi zilizo hatarini, mfumo wenyewe huyatawanya ndani ya eneo pana ili wawindaji wasiyafuate.

Njia hii inamfaa mtu mwenye udadisi na subira, mwenye picha nzuri na asiye na haraka. Haimfai mtu aliyesimama mlangoni akisubiri kuambiwa aingie au asiingie.

Utafutaji wa jumla kwa picha: Google Lens na zinazofanana nayo

Hapa mambo ni machache. Google Lens, iliyotangazwa mwaka 2017, hutafuta katika mtandao picha zinazofanana na yako na kuleta majina yanayoambatana nazo. Ina kasi, iko tayari kwenye simu nyingi, na kwa nyoka mwenye sura ya kipekee aliyepigwa picha safi huweza kupatia.

Udhaifu wake umo katika neno "zinazofanana". Mfanano wa rangi na mkao haumaanishi undugu, na picha zinazoletwa zinaweza kuwa za bara jingine. Kuhusu mahali, mtumiaji ndiye anayepaswa kuchuja: afungue ukurasa ulioletwa, asome spishi hiyo huishi wapi, kisha aamue. Uwezo wa kunyamaza ni mdogo, kwani kazi yake ni kuleta matokeo, nayo huyaleta hata ukiipa picha ya mkanda wa suruali uliojikunja. Hakuna mhakiki. Na kuna kasoro nyingine isiyoonekana upesi: picha nyingi za nyoka mtandaoni zimepachikwa majina na watu waliokosea, hivyo kosa la mtu mmoja wa zamani huweza kurudi kwako likiwa limevaa sura ya matokeo ya utafutaji.

Hata hivyo ina matumizi yake, na si haki kuyadharau. Kwa mtu aliyeletewa picha ya nyoka inayosambazwa ikidaiwa kuwa imepigwa kwenye mtaa fulani, utafutaji wa picha ndio njia bora kuliko zote hizi, kwa kuwa unaweza kuonyesha kwamba picha ile ile ilikuwa mtandaoni miaka mingi iliyopita, tena kutoka nchi nyingine.

Wasaidizi wa mazungumzo

Tangu mwaka 2023 wasaidizi kama ChatGPT na Gemini wamekuwa wakipokea picha pamoja na maneno. Huu ndio uchaguzi unaovutia wengi, na sababu inaeleweka: unaweza kuuliza kwa Kiswahili, ukaeleza kwamba nyoka alikuwa juu ya mti au kando ya maji, ukaongeza ukubwa na jinsi alivyokimbia, na ukajibiwa kwa sentensi kamili.

Sentensi hizo kamili ndizo hatari yake. Msaidizi wa aina hii ametengenezwa kuandika maneno yanayofuatana vizuri, na maelezo yake huweza kuwa na ufasaha ule ule akiwa amepatia au amekosea. Huweza kusema kwamba amemtambua nyoka "kutokana na magamba yake laini na mboni ya duara" hata pale ambapo katika picha yako jicho limefichwa na jani. Kwa hiyo kila sababu anayoitaja irudishe kwenye picha: je, kitu hicho kinaonekana kweli? Asipoweza kukuonyesha kilipo, ichukulie sababu hiyo kuwa haikusemwa. Jambo jingine ni kwamba hukubali kuyumbishwa. Ukimwambia, "Mimi nadhani ni yule wa kijani asiyedhuru," huenda akakuunga mkono upesi kuliko mtaalamu yeyote angekubali. Usimpe jina unalolitumaini; mpe picha, mahali na mazingira, kisha nyamaza.

Swali nalo lina uzito wake. "Huyu ni nyoka gani?" humsukuma kutoa jina moja. Swali bora zaidi ni hili: "Taja nyoka wote wenye sumu wanaoishi eneo hili wanaoweza kuonekana hivi, na ueleze ni alama gani katika picha inayomwondoa kila mmoja." Likiulizwa hivyo, mwelekeo wa kosa hugeuka upande wa tahadhari, na msaidizi hulazimika kukiri pale alama inapokosekana. Omba pia jina la kisayansi kila mara. Majina ya kawaida huwafunika wengi: swila si spishi moja, na kati ya nyoka wa jenasi hiyo wapo wanaotema sumu kulenga macho na wapo wasiotema, tofauti ambayo kwa mtu aliyesimama mbele yake si ndogo hata kidogo. Koboko naye, ambaye lugha kadhaa humwita mweusi, ana mwili wa kijivu au wa hudhurungi. Weusi umo ndani ya kinywa chake.

Mahali hutumika ukiyataja. Mhakiki hayupo. Intaneti inahitajika kwa kawaida, na picha pamoja na mazungumzo hupita kwenye mitambo ya kampuni husika. Ninachowapa wasaidizi hawa bila kusita ni sifa ya kueleza: jina likishathibitishwa kwingine, wao ni wazuri katika kufafanua tabia za nyoka huyo na kumtuliza mtu aliyeogopa kupita kiasi. Kuwafanya mwamuzi wa mwisho ni jambo jingine.

Mifumo iliyofunzwa kwa nyoka pekee

Chini ya jina hili namaanisha modeli zilizojengwa na watafiti au vikundi vya wataalamu kwa ajili ya nyoka wa dunia nzima au wa eneo moja. Maendeleo yake yanaonekana vizuri katika mashindano ya kisayansi ya SnakeCLEF. Mwaka 2021 washindani walipewa picha 386,006 za spishi 772 kutoka nchi 188, na nchi ilikotoka picha ilikuwa sehemu ya taarifa walizoruhusiwa kuzitumia. Mwaka 2023 waandaaji walifanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo la busara kuliko yote katika uwanja huu: waliyapa makosa uzito tofauti. Kumchanganya nyoka asiyedhuru na mwingine asiyedhuru kulihesabiwa alama 1 ya kosa, kumwita asiyedhuru mwenye sumu alama 2, na kumwita mwenye sumu asiyedhuru alama 5. Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka; mashindano hayo yalikuwa yakijaribu kuifundisha mashine mshtuko huo.

Kwa kigezo cha mwelekeo wa kosa, basi, mfumo uliojengwa kwa kanuni hiyo huzishinda njia nyingine. Lakini si kila programu yenye picha ya swila kwenye nembo yake imejengwa hivyo. Nyingine zimevalishwa tu sura ya utaalamu juu ya modeli ya kawaida, na mtumiaji hana njia ya kuona ndani. Kitu cha kutafuta ni maelezo ya wazi: inajua spishi zipi, za eneo gani, nani aliyehakiki picha za mafunzo, na inajibu nini ikikutana na nyoka asiye katika orodha yake.

Swali la mwisho ndilo la msingi, na linahusu asilimia ile inayotokea pembeni ya jina. Modeli ya kawaida huligawa fungu zima la uhakika wake kati ya majina inayoyajua. Ikifunzwa nyoka 50 wa eneo moja kisha ikaonyeshwa wa 51, fungu hilo halibaki bila mwenyewe. Hugawiwa hao 50, na mmoja wao akaweza kupata asilimia 92. Nambari hiyo haimaanishi kwamba katika picha mia kama hiyo, 92 zitakuwa sahihi. Inamaanisha kwamba kati ya majina yaliyomo, hilo ndilo lililokaribia zaidi. Ndiyo maana mfumo wa eneo ni bora sana ndani ya eneo lake na ni wa kupotosha nje yake, na hata ndani ya eneo hilo hauwezi kumtambua nyoka aliyetoroka kwa mfugaji au aliyesafiri ndani ya shehena ya mizigo.

Uhakiki hutegemea waliojenga: baadhi huunganisha mtumiaji na mtaalamu aliye zamu, na huo ndio mpangilio ninaouona kuwa bora ukipatikana. Njia hii inawafaa wafanyakazi wa misitu, mashamba, hifadhi na vituo vya afya, ambao hukutana na nyoka wale wale mara kwa mara na wanaweza kuujua mfumo mmoja pamoja na madhaifu yake.

Jinsi ya kuijaribu yoyote kabla ya kuitegemea

Usisubiri nyoka. Ipe picha ya kamba iliyolala kwenye majani, ya mjusi asiye na miguu, na ya mkunga. Ikiitaja kamba kwa jina la spishi, umejua thamani ya uhakika wake. Kisha tafuta picha tatu za nyoka mmoja aliyetambuliwa na wataalamu, zilizopigwa kutoka pande tofauti, na uzipakie moja moja. Majibu matatu tofauti yenye asilimia kubwa ni dalili mbaya kuliko jibu moja lenye asilimia ndogo.

Picha yenyewe

Njia zote nne huanguka picha ikiwa mbaya, na hapo ndipo kishawishi cha kusogea huzaliwa. Mwaka 1957 Karl P. Schmidt, mmoja wa wataalamu wakubwa wa nyoka wa zama zake, aliletewa nyoka mchanga katika jumba la makumbusho la Chicago ili amtambue. Akamshika karibu na kichwa ili amchunguze, akaumwa kwenye kidole gumba kwa jino moja, na siku iliyofuata akafariki. Alikuwa boomslang, nyoka wa mitini ambaye dume na jike huweza kuwa na rangi tofauti kabisa na mchanga wao asifanane na yeyote kati yao. Aliyemtazama alikuwa na magamba mbele ya macho yake kwa ukaribu ambao kamera ya simu haiwezi kuufikia, na bado alikuwa na shaka.

Piga basi kutoka mbali, ukitumia uwezo wa kamera wa kuvuta picha. Mita tatu ni kiwango cha chini kabisa, na kwa nyoka aliyeinua shingo na kuitanua ongeza zaidi, kwa kuwa swila watemao hufikisha sumu mita mbili na zaidi, na shabaha yao ni macho. Video fupi mara nyingi hufaa kuliko picha moja, maana unaweza kuchagua baadaye sekunde ambayo kichwa kimeonekana kwa upande. Kinachotakiwa ni kichwa kwa upande, kichwa kutoka juu, sehemu ya katikati ya mwili, na mwili wote pamoja na mkia. Ukikosa viwili kati ya hivyo, tarajia jibu la jenasi na uridhike nalo. Usimsukume kwa fimbo ili akae vizuri, usiinue jiwe alilojificha chini yake, na usimfuate akiondoka. Nyoka anayeondoka amekwisha kukutatulia tatizo.

Kuchagua kulingana na hali

Ikiwa nyoka yuko nje, ana njia ya kuondoka, na wewe una hamu tu ya kujua, tumia Seek papo hapo au iNaturalist baadaye, na uiache picha ikae hadi wenye ujuzi waione. Ukiongoza wanafunzi au watoto, Seek inatosha, na ile tabia yake ya kuishia njiani ina manufaa ya kufundisha kuliko jina lenyewe.

Ikiwa nyoka yuko ndani ya nyumba, usitafute jina kwanza. Ondoa watu na wanyama chumbani, funga mlango, ziba nafasi ya chini ya mlango kwa kitambaa, na mwite mtu aliyefunzwa kuhamisha nyoka, ukimtumia picha kama unayo. Yeye atafanya kazi yake akimchukulia nyoka huyo kuwa na sumu, na jibu la programu halitabadili vifaa atakavyobeba. Wakati ukimsubiri unaweza kuuliza mfumo wowote unaoupenda.

Ikiwa unafanya kazi mahali penye nyoka kila wiki, wekeza katika mfumo maalumu wa eneo lako pamoja na namba ya mtaalamu wa kumpigia, na uujaribu kwa njia zilizotajwa juu kabla ya msimu wa nyoka wengi. Ikiwa unachunguza uvumi wa picha inayozunguka, tumia utafutaji wa jumla. Ikiwa unahitaji kuelewa tabia za nyoka ambaye jina lake limeshathibitishwa, msaidizi wa mazungumzo atakutosha.

Ikiwa mtu ameumwa, weka kando njia zote nne. Mtulize, zuia kiungo kilichoumwa kisitikisike, ondoa pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe, usikate jeraha wala kulinyonya, usifunge kamba ya kubana, na mpeleke hospitali mara moja. Madaktari hutibu kwa kufuata dalili: kope zinazolegea, damu isiyoganda katika kipimo cha dakika 20, uvimbe unaopanda. Dawa nyingi za kutibu sumu huhusisha spishi kadhaa kwa pamoja. Picha iliyopatikana bila kuchelewa wala kujihatarisha ikabidhiwe kwa daktari ikiwa picha tupu, bila jina la programu juu yake, kwa sababu jina lisilo sahihi likitangulia huweza kumshawishi hata mwenye ujuzi.

Na ikiwa nyoka amekufa, mpige picha palepale alipolala. Kichwa cha nyoka, hata kilichotenganishwa na mwili, huweza kuuma kwa mshtuko wa misuli muda mrefu baadaye, kwa hiyo ukihitaji picha ya upande wa pili, mgeuze kwa kijiti kirefu na si kwa mkono.